Mjadala: Ukatili wa kisiasa unatoka kwenye itikadi ya mtu, au kwenye ruhusa anayopewa?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Jana kwenye mada ya uchaguzi ndugu mmoja aliandika kwamba wafuasi wa upande fulani "wana fujo kwenye damu". Mwingine akamuunga mkono, akasema wanasaikolojia walishathibitisha kuwa ziko itikadi zinazozaa watu wakali. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Siyakubali, na naomba nieleze kwa nini, kisha mnikosoe.

Utafiti wa namna hiyo upo kweli. Mwaka 1950 Theodor Adorno na wenzake, kule Berkeley, Marekani, walitoa dodoso la kumpima mtu anavyowanyenyekea wakubwa na anavyowachukia wasio wa kwao. Kidonda cha Hitler kilikuwa bado kibichi, nao waliamini kuna aina ya mtu ambaye ufashisti unamkaa kama nguo ya kushonewa. Wakosoaji hawakuchelewa. Walionyesha kwamba mtu mwenye tabia ya kukubali kila sentensi anayosomewa alihesabiwa mfashisti, na kwamba wababe wa mrengo wa kushoto walipita bila kuonekana. Tangu hapo wasomi wanabishana kama ukali uko kulia tu au uko pande zote mbili. Mimi naona wanautafuta mahali ambapo haupo, na hilo nimelionea kwetu Bonde la Ufa.

Desemba 2007, kwenye uchaguzi mkuu, Kenya iligawanyika kati ya ODM, chama cha Raila Odinga, na PNU, cha Rais Mwai Kibaki. Ukiacha hoja ya majimbo, yaani mikoa kujitawala zaidi, tofauti ya itikadi kati ya vyama hivyo ungeitafuta kwa tochi. Kibaki alitangazwa mshindi jioni ya tarehe 30 na kuapishwa hapo hapo, giza likiingia. Siku mbili baadaye kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, lilichomwa moto na watu wamo ndani, wengi wao akina mama na watoto. Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Katika Bonde la Ufa Wakalenjin na Waluo walikuwa upande mmoja, Wakikuyu upande wa pili.

Sasa nendeni Machi 2013. Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, wamesimama pamoja kwenye muungano wa Jubilee, na Wakalenjin na Wakikuyu wa Eldoret, Burnt Forest na Molo wamepanga foleni moja na kumpigia kura mgombea mmoja. Watu ni wale wale. Kama fujo ilikuwa kwenye damu, ndani ya miaka mitano ilikwenda wapi?

Wakati wa vurugu zile nilikuwa na miaka 19. Tarehe 3 Januari 2008 mjomba alikuwa anatutorosha kwa pikapu, na karibu na daraja tukakuta vijana wameweka mawe na magogo barabarani. Walikuwa wanakusanya vitambulisho na kusoma jina la mwisho ili wajue kabila la mtu. Aliyechukua changu nilimfahamu: alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi kwa baiskeli, mitungi miwili imefungwa kwa mpira wa tairi. Mkono aliozoea kushikia kikombe cha kupimia sasa ulishika panga. Alisoma jina langu, ambalo halikuwa jina la kupita pale, akakigeuza kitambulisho nyuma na mbele kama anatafuta kitu. Kisha akasema kwa sauti, "Huyu ni wetu, apite." Hakunitazama usoni.

Mtu huyo ana itikadi gani? Dodoso la Berkeley lingemweka wapi, kwenye kundi la walioweka magogo au la walioniokoa?

Jibu langu ni hili: hasira watu wengi wanayo, lakini mkono hauinuki mpaka mtu aamini kwamba wenzake wameruhusu. Na ruhusa huanzia kwenye maneno. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna deni hapa, maana neno lililotumika kuwaita majirani wa kabila jingine lilikuwa letu: *madoadoa*. Mama akiona doa kwenye shati hakasiriki, analifua tu. Anayemwita jirani yake doa amekwisha kumtoa kwenye orodha ya watu wa kuombolezewa, akamweka kwenye orodha ya kazi za nyumbani. Vivyo hivyo *kwekwe*: kazi ya kwekwe ni kung'olewa. Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, na kuua kukaitwa kazi. Mwaka 2022 tume ya uwiano ya Kenya, NCIC, iliyaweka madoadoa na kwekwe kwenye orodha ya maneno ya chuki. Wengine walicheka kwamba serikali inapambana na kamusi. Mimi sikucheka.

Utafiti unaonigusa zaidi unatoka Rwanda hiyo hiyo. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya watu waliosikiliza kwa mwaka mzima mchezo wa redio uliotungwa kwa ajili ya upatanisho, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo wa afya. Matokeo aliyachapisha mwaka 2009: imani za wasikilizaji hazikubadilika sana, ila kilibadilika kile walichodhani jamii yao inakubali, na tabia zao zikafuata. Naye msomi wa siasa Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kuua mwaka 1994. Wengi walizungumzia hofu ya vita na shinikizo la wenzao kuliko chuki ya siku zote.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeiruka ardhi. Tangu miaka ya 1960 watu waligawiwa mashamba huku wengine wakiangalia. Hiyo ndiyo saikolojia yenyewe: mtu anayeamini ameporwa. Halafu vijana hawana ajira, wanalipwa mia tano wanafanya chochote.

Mleta mada

Ardhi sikatai, ndugu yangu. Kwetu chakula cha jioni kiliishia kwenye ubishi wa hati miliki. Lakini mwaka 2013 mashamba yalikuwa na wenyewe wale wale, mgogoro haujatatuliwa, na hakuna aliyechomewa nyumba kama 2008. Ardhi ni kuni kavu, na kuni kavu hukaa ghalani miaka na miaka. Mimi nauliza juu ya kiberiti.

Kuhusu vijana, someni tena hesabu za Waki. Zaidi ya theluthi moja ya waliokufa walikufa kwa risasi. Kijana wa magogoni alikuwa na panga na upinde, bunduki zilikuwa kwa polisi. Mtu mwenye mshahara, sare na cheo aliua pia, na yeye ruhusa yake ilikuja kwa redio ya mkononi. Ndiyo maana inaniuma tunapowafanya maskini pekee kuwa na tabia ya ukatili.

Mchangiaji wa pili

Pole sana kaka kwa yaliyokukuta. Nina swali moja tu. Huyo wa maziwa mlionana tena? Ulimuuliza?

Mleta mada

Asante dada. Tulionana 2013, wiki mbili baada ya uchaguzi, stendi ya matatu. Alikuwa amevaa fulana ya Jubilee, na mimi nilikuwa na yangu mfukoni. Alinisalimia akamuulizia mama, nikamwambia ni mzima. Nilikaa kimya kidogo kisha nikamuuliza kama asingenifahamu siku ile ingekuwaje.

Alichukua muda. Akasema, "Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, kila mtu alikuwa ameshika kitu." Kisha makanga akaita abiria wa Nakuru, naye akanisaidia kupandisha mzigo.