Baba alipigania uhuru wa Msumbiji, amezeekea Arusha, sasa anataka kwenda Mueda. Tumsaidieje?

BintiKijenge

Habari za jioni wakuu. Nina jambo la familia, mwenye kejeli apite tu kimya kimya.

Baba yangu ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wale ambao Kusini wanawaita Wamawia. Alivushwa akiwa mtoto, baada ya Wareno kuua watu Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, Juni 1960. Akakulia Mtwara, alipopata nguvu akaenda Nachingwea kufundishwa vita na FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, kisha akarudi kwao na bunduki. Mwaka 1970 Wareno walipomwaga jeshi kule Mueda, ile operesheni waliyoiita Nó Górdio, aliumia mguu. Wenzake walimbeba mpaka mtoni, akatibiwa Mtwara.

Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, wengi walirudi. Yeye alikuwa ameshashika tezo, akawafuata wachongaji wenzake Dar, baadaye Arusha kwenye watalii. Akamwoa mama, Mmeru wa Poli, tukazaliwa sisi. Mpaka leo anachonga nyuma ya nyumba. Ukimletea mti mweupe uliopakwa kiwi ili ufanane na mpingo, anaukwaruza kwa ukucha, anakuangalia, anakurudishia bila neno.

Sasa amepata salamu kwamba mdogo wake bado yuko hai, na anataka kwenda. Mama hataki hata kusikia. Anasema kule kuna vita, na ni kweli, lakini namjua mama yangu: anachoogopa ni mke. Hatujawahi kumuuliza mzee kama aliacha mke kule, naye hajawahi kusema.

Halafu hana hati. Wakati wa kuandikisha vitambulisho vya taifa, karani wa ofisi moja alizitazama zile chale za usoni akamwambia, "Mzee, wewe si wa hapa." Hakurudi tena. Alichonacho ni karatasi ya Kireno ndani ya kopo la maziwa, muhuri umefifia, na jina lililoandikwa ni la vitani, siyo hili tunaloitwa sisi. Akivuka, atarudi kwa lipi? Naombeni ushauri.

Kobe_Mzee

Hii chai. Mpigania uhuru gani hana hata kitambulisho?

Mchaga wa Majengo

@Kobe_Mzee wakimbizi wa miaka ya 60 unadhani walikuwa wanagawiwa vitambulisho? Baba yangu alifanya kazi TPC, kwenye mashamba ya miwa kule Moshi, wamejaa watu wa makabila ambayo hujawahi kuyasikia, na wazee wengi wamezikwa hawana hata karatasi moja. Dada, mpe mzee shikamoo yangu.

Kanzu_na_Koti

Nimewahi kufanya kazi hizi za hati, nitasema ninachokijua.

Kwanza ondoeni hofu upande wenu. Mama ni raia, mmezaliwa hapa, nyie ni Watanzania. Mwenye shida ni mzee peke yake. Na kuoa Mmeru hakumsaidii: Sheria ya Uraia ya 1995 inamfungulia njia ya ndoa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania, siyo mwanaume aliyeoa. Najua inauma.

Njia yake ni tajnisi, yaani mgeni kuomba kupewa uraia, na anayeamua ni Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwombaji anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Kwa hiyo akienda kukaa Mueda miezi kadhaa sasa hivi, anaweza kujiharibia mwenyewe.

Kuna lingine zito zaidi. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Akichukua tajnisi anaukana wa Msumbiji. Na Msumbiji inawalipa pensheni wapiganaji wake wa ukombozi! Asisaini chochote kabla hajafika ubalozi wao Dar na hiyo karatasi, akauliza haki zake zikoje. Kuhusu majina mawili, muone wakili amtengenezee kiapo. Wapo vishoka watakaokwambia wanamaliza yote ndani ya wiki moja. Wakimbie.

Jicho la Tatu

Mbona Wamakonde wa Kwale walipewa uraia chap? Waandamane tu.

Kanzu_na_Koti

Hao ni wa Kenya mkuu, 2016, walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi na Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe. Huyu mzee mwenye mguu mbovu atembee kutoka Kijenge kwenda wapi?

Mwana Masasi

Mimi niko huku huku. Njia ipo: Masasi, Mtambaswala, mnavuka Daraja la Umoja mnatokea Negomano, hapo mko wilaya ya Mueda tayari. Usalama siwadanganyi. Fujo za wapiganaji wenye silaha zilianza Mocímboa da Praia, huko huko kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, na Oktoba 2020 wapiganaji hao walivuka wakaingia hadi Kitaya, Mtwara. Mueda mjini kuna jeshi na wakimbizi wa ndani wengi. Kwa nini mdogo wake asije Mtambaswala wakaonana upande huu? Huyo ana vitambulisho vyake, kuvuka kwake ni rahisi.

Mama Upendo

Wanaume mmemaliza hati zote, hakuna aliyemgusa mama. Binti yangu, muulize baba yako. Siyo mbele ya mama, muulize akiwa na tezo mkononi. Kama yuko mtoto kule, ni ndugu yenu, na ni bora mama alisikie kutoka kwake kuliko kwa huyo baba mdogo.

BintiKijenge

Nimesoma yote, asanteni. Nimemuuliza. Mke alikuwepo, alifariki zamani. Yuko binti, mkubwa kwangu. Mama amenuna tangu juzi ila chakula cha mzee anapeleka mwenyewe. Tumekubaliana ubalozi kwanza, uraia baadaye, na baba mdogo ndiye avuke. @Mwana Masasi nakuja PM, nyumba za wageni Mtambaswala zikoje?

Mwana Masasi

Zipo za kawaida tu, lakini laleni Masasi mjini ni afadhali. Na mje kiangazi, Juni au Julai. Mwambie baba mdogo aje na huyo dada yenu.