Mjadala: Filamu za uchawi ni burudani tu, au zinawaponza bibi zetu?

Mleta mada, Tabora mjini

Wakuu, salaam. Vibanda vya video vya huku kwetu filamu za uchawi bado zinajaza watu. Hadithi za kutisha sina ugomvi nazo. Tumekua na za mazimwi. Shida yangu ni hii: mtoto anaugua, familia inakwenda kwa mganga, mganga anamtaja bibi mzaa baba. Mara tunaonyeshwa bibi huyo usiku, anaruka na ungo. Hapo mganga kasema kweli na sisi watazamaji tumekuwa mashahidi. Katika nyingi nilizotazama, mganga hakosei kabisa.

Mtaani je? Tabora, Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Wekundu huo ni wa moshi wa jikoni: kuni, na kulikokwisha miti, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Hakuna aliyemwona bibi akiruka. Kinachomuua ni neno la mpiga ramli, na Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kwa nini basi ramli hiyohiyo ipite kwenye filamu kama ukweli?

Mchangiaji, Urambo

Mkuu, hapa nakupinga. Sheria ya Uchawi ni ya 1928. Video ilikuwa wapi? Imani hii tumeirithi, filamu imeikuta. Na watu si wajinga. Mieleka ya Marekani, wenyewe WWF, kampuni inayoiandaa (leo WWE), walieleza mbele ya watunga sheria wa New Jersey mwaka 1989 kwamba ni burudani, na bado tunashangilia tukijua. Tukianza kufungia filamu, wasanii watakula nini?

Mchangiaji, Kaliua

Kaka wa Urambo, mieleka ikiisha hakuna jirani anayeshukiwa. Mama yangu ana macho mekundu. Watoto wa mtaani wanamwita kwa jina la mchawi wa kwenye filamu, na wazazi wao wanasikia wananyamaza. Mimi silali.

Mleta mada

Dada, pole sana. Tafadhali mwambie mwenyekiti wa kijiji mapema, usisubiri.

Ndugu wa Urambo, ni kweli imani ilitangulia, na sijasema zifungiwe. Bodi ya Filamu inakagua na kupanga madaraja ya umri. Hilo halinitoshi, maana anayeshika panga ni mtu mzima. Ninachotaka kiko kwa waandishi wa hadithi: mganga naye akosee. Mtoto wa kwenye filamu anayevimba vidole na kulia kwa maumivu ya mifupa apelekwe hospitali, apimwe, ionekane ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi kanda hizi. Bibi aliyetajwa abaki hai, na aliyemtaja aulizwe. Hapo msanii amepoteza riziki gani?