Ajali ilishapita ila bado anashtuka shtuka, ni woga tu?

Wakuu, braza wangu alipata ajali mbaya ya gari, majeraha yamepona ila usiku anaota ile ile, mlango ukigongwa anaruka, gari hataki hata kulisikia. Ni woga?

>> Sio woga mkuu, ubongo bado unaamini hatari ipo. Wengi hutulia wenyewe, ila ukipita mwezi mzima hali ni hiyo hiyo mpelekeni kwa mtaalamu, kuna tiba ya maongezi anarudishwa taratibu kwenye anachokikwepa, inasaidia kweli.

>> Na msimlazimishe kusimulia. Pombe ya kutafutia usingizi nayo ndo inaharibu kabisa.

>> Kwani hasira za ghafla nazo zimo?

>> Zimo sana tu.