Tumelipishwa kiingilio cha makumbusho ya Freddie Mercury Zanzibar, tumeishia kuonyeshwa mlango

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Jumamosi nilivuka na boti ya asubuhi kutoka Dar, mimi, wife na binti yetu wa miaka 14. Huyu mtoto kwa Queen, ile bendi aliyoimbia Freddie, haambiwi kitu. Safari nzima ilikuwa zawadi yake ya kufaulu: kuingia makumbusho ya Freddie Mercury pale Shangani, basi. Nikalipa kampuni moja ya kutembeza wageni (jina nalihifadhi kwanza) 60,000 kwa kichwa, "pamoja na kiingilio". Meseji ninayo.

Jamaa waliyetupa akatuanzishia Darajani, halafu duka la viungo, halafu duka jingine la viungo, halafu vinyago. Kila duka anatangulia yeye, ananong'ona na mwenye duka, ndipo tunaitwa. Wife katoka na pakiti nne za karafuu ambazo hakuzipanga.

Shangani tumefika saa tisa na robo. Boti yetu saa kumi! Jamaa akasimama nje, akanyoosha kidole ukutani: "Hapa ndipo alipozaliwa, na Queen ilianzia hapa hapa. Mapinduzi yakamkuta mchanga, wakamkimbizia Uingereza."

Binti akashindwa kujizuia. "Anko, alizaliwa hospitali, 1946. Mapinduzi yalimkuta ana miaka 17. Na Queen ni London, 1970."

Jamaa akamwangalia juu mpaka chini: "Kwani wewe ulikuwepo?"

Na yeye je? Kijana hajafika hata 25! Anakula kwa jina la Farrokh Bulsara (ndilo jina la kuzaliwa la Freddie) na hajui kwamba mtoto huyo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata familia yote ikahamia Feltham, Uingereza. Baba yake alikuwa mtunza fedha Mahakama Kuu, hapo hapo mjini. Binti yangu haya kayasoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nikasema haya, yaishe, tuingie. Eti kuingia ndani ni juu yetu, tulicholipia ni "kuona makumbusho". Kuona! Kwa nje! Ukuta wa barabarani tangu lini una kiingilio? Dada wa mlangoni hana kosa, alitueleza kwa adabu kwamba hakuna tiketi iliyokatwa kwa ajili yetu. Nilikuwa tayari kulipa mara ya pili, saa ikagoma. Binti kapiga picha moja mlangoni, macho mekundu, tukakimbilia bandarini.

Papasi wa Forodhani, wale vijana wanaowaganda wageni mitaani, ukimpa elfu kumi unajua umempa papasi. Hawa wana ofisi, wana fulana zenye nembo, wanatoa risiti!

Jana nimedai 180,000 yangu. Jibu: "Huduma ilitolewa, karibu tena." Tangu hapo wanasoma meseji na kunyamaza.

Wazenji mliomo humu, malalamiko ya namna hii yanapelekwa wapi, na nibebe nini zaidi ya risiti na meseji?