Lisosomu inameng'enya kila kitu, mbona haiimalizi seli yenyewe? Naombeni msaada

Kalamu Kavu: Wakuu, habari zenu. Mtihani wa baiolojia ni wiki ijayo na hapa nimekwama. Lisosomu ni kifuko chenye vimeng'enya vya kuvunja protini, mafuta, wanga, hata DNA. Sasa seli si imejengwa kwa hivyo hivyo? Kifuko kikitoboka si ndiyo basi tena? Nimekariri weee, sijaelewa.

Jibu Fupi: Ndiyo maana kinaitwa mfuko wa kujiua. Kikipasuka, kwisha habari. Andika hivyo, maksi zako hizo.

Bi Hadubini: Mkuu, usimpoteze mwenzio. Kalamu, siri iko kwenye asidi. Ndani ya lisosomu pH (kipimo cha uchachu; ikiwa ndogo, uchachu mkali) ni kama 4.5 hadi 5. Nje, kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli, ni kama 7.2. Vimeng'enya vile hupenda uchachu. Kifuko kimoja kikivuja, vinajikuta kama samaki nchi kavu, nguvu zote zimewaishia. Vikipasuka vifuko vingi kwa mpigo, hapo kweli seli inaweza kufa. Na uchachu huo una gharama: kwenye utando kuna pampu zinazosukuma protoni, chembe zinazoleta uchachu, kuingia ndani, usiku na mchana, zikila ATP, nishati ya seli. Utando nao haujakaa kizembe. Protini zake kwa upande wa ndani zimevikwa sukari nyingi ili zisiliwe.

Kalamu Kavu: Aisee, hapo nimekupata dada. Sasa bakteria mzima anaingiaje humo?

Bi Hadubini: Hapenyi, anapelekwa. Chembe nyeupe ya damu inamzunguka, inamfungia kwenye kipovu cha utando, kisha kipovu na lisosomu vinaungana kuwa kitu kimoja. Anavunjwavunjwa, na vipande kama asidi amino vinatolewa vikajengee vitu vipya. Wa kifua kikuu ni mjanja: anazuia muungano huo, anajiishia zake kwenye kipovu.

Msoma Usiku: Usisahau otofajia, seli kula sehemu zake zilizochakaa, kama mitokondria, vinu vyake vya nishati. Yoshinori Ohsumi alipewa Nobel 2016 kwa kazi hiyo. Pia soma ugonjwa wa kurithi wa Tay-Sachs: kimeng'enya kimoja tu kina hitilafu, mafuta yanarundikana kwenye seli za neva.

Jibu Fupi: Haya, nafuta kauli. Ila mwalimu wangu alikuwa ananipa vema kila nikiandika mfuko wa kujiua.