Chuo cha serikali chataka chanjo ya homa ya ini kabla ya kuripoti, na zimebaki wiki tatu

BintiLangoni, Lamu
Asalam aleikum wandugu, naombeni msaada manake kichwa chaniuma. Mdogo wangu amepata nafasi chuo cha serikali kusomea unesi, alhamdulillah, sasa barua ya kuitwa ina orodha ndeeefu, viatu vyeupe, godoro, koti, saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, halafu kule chini kabisa imeandikwa lazima aje na ithibati ya chanjo ya homa ya ini B, bila hiyo hasajiliwi. Mie nilisikia tu "ini" nikajua ni ule ugonjwa wa manjano, mtu macho yageuka rangi, basi tulipokwenda Mombasa kununua vitu vyake nikampeleka akadungwa ya homa ya manjano, tukalipa, tukapewa kile kikadi cha wasafiri. Kurudi nyumbani nasoma barua kwa utulivu, kumbe sizo kabisa!! Msinicheke.
Mama asema huyu kazaliwa 2006 na sindano zote za utotoni alipata. Lakini kitabu chake cha kliniki kiliroa mwaka ule paa la makuti lilipovuja, kurasa zimegandana, ukizibandua waona mihuri imesambaa kama wino wa pweza. Sasa nauliza, chuo cha umma kina haki kumlazimisha mtu? Na dozi tatu zaishaje wiki tatu?

MzeeWaJeti, Mokowe
Wasikutishe binti. Mmesahau mambo ya corona? Novemba 2021 serikali ilitangaza ikifika tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hapati huduma za serikali, watu wakakimbilia foleni, kortini ikasimamishwa tarehe 14 Desemba, wiki moja kabla. Barua ni karatasi tu. Mtoto kapita mtihani wake, fizi atalipa, sindano ni mwili wake.

SistaWaMalindi
Ami yangu wa Mokowe, kwa heshima, hiyo ya corona ilikuwa kwa kila mtu, hata anayetaka kitambulisho tu. Huyu kijana aenda wodini. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, nakwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye anayejidunga, anarudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika na mkono watetemeka, tumewakataza lakini wafanya. Ukijidunga sindano ya mgonjwa wa ukimwi hatari yake ni kama 0.3 kwa mia. Ya homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa yaanzia 6 yaenda mpaka 30 kwa mia, kutegemea mgonjwa mwenyewe. Na hicho kirusi, damu ikikauka juu ya meza, chaishi siku saba. Mimi huyu simuachi aingie wodini bila chanjo hata korti ikisema nini, mnisamehe.

Sasa dadangu, usilie. Kwanza, Kenya ilianza ile sindano ya tano kwa moja 2001, na ndani yake homa ya ini B imo, watoto wadungwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa hivyo mama yako yuwasema kweli, wa 2006 yaelekea alipata. Shida ni karatasi. Nenda kliniki aliyopelekwa akiwa mchanga uulize kama rejista za mwaka ule zipo, hutokea zikapatikana. Zikikosekana kuna kipimo cha damu cha kuangalia kinga, ikitoka 10 kwenda juu amekingika. Ikitoka chini usishtuke, aliyechanjwa utotoni hushuka na miaka lakini mwili wakumbuka, daktari atawaambia kama dozi moja yatosha au aanze zote.
Akianza zote kawaida ni leo, mwezi mmoja, halafu mwezi wa sita. Wiki tatu haziwezi kumaliza na chuo chajua hivyo. Adungwe ya kwanza KESHO, aende na kadi yenye tarehe ya kurudi, na upige simu ofisi ya usajili uulize kama waipokea. Ipo na ratiba ya haraka, siku 0, 7 na 21 na nyingine baada ya mwaka, hiyo aamue daktari. Akichelewa dozi haanzi upya, aendelea alipoachia.
Na kile kikadi cha manjano kiweke vizuri, ni cha maisha, siku moja atasafiri.

MpateUghaibuni
Hapo mna bahati bwana. Mimi niko chuo cha umma huku New York, sheria ya jimbo yataka surua, matumbwitumbwi na rubela kwa yeyote aliyezaliwa toka 1957. Kadi yangu ya nyumbani ilikuwa na surua mara moja tu, ya miezi tisa, na matumbwitumbwi Kenya hatuchanji kabisa kwenye zile za serikali. Nikapewa siku 45 za mgeni, zikipita hukanyagi darasani. Wapo wanaoandika sababu za dini wakaachiliwa, mimi niliona nidungwe tu yaishe, mkono uliuma siku mbili.

MzeeWaJeti, Mokowe
Sawa sista, wodi ni wodi, hapo nimekusikia. Lakini na wao waandike juu ya barua si chini kabisa, na wampe mtu miezi sita. Mtu wa kisiwani avuka maji kwanza ndio afike kwa daktari.

SistaWaMalindi
Hapo naungana nawe mia kwa mia.

BintiLangoni, Lamu
Narudi wapenzi. Rejista hazikupatikana. Kapimwa, hana ugonjwa, na kinga ikatoka 4, daktari kasema aanze zote, leo asubuhi kadungwa ya kwanza. Ofisi ya chuo nimepiga mara tano, ya sita wakashika, wamekubali kadi ila dozi ya pili aonyeshe. Safari hii sitaki mambo ya kuroa, nikatoka pale moja kwa moja mpaka saiba nikaipiga lamineti pande zote mbili, yang'aa 😊

SistaWaMalindi
Dadangu... na dozi ya pili wataandika wapi?