Rangi ya epoksi inabanduka kwenye tangi la chuma, Tanga

Wakuu, tangi liko mita 200 kutoka baharini. Lilipigwa mchanga kwa presha ya hewa hadi Sa 2½ (kiwango cha usafi wa chuma, karibu cheupe), likapakwa asubuhi iliyofuata. Sasa lina malengelenge. Kosa liko wapi?

Jibu: Mkuu, hapo ni chumvi na umande. Mchanga hauondoi chumvi yote. Osha kwa maji ya presha yasiyo na chumvi, pima chumvi, kisha piga mchanga tena. Paka praima (rangi ya kwanza) siku hiyohiyo, kabla kutu haijarudi.

Jibu: Naongezea: chuma kiwe na joto nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kuwa matone), unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Alfajiri ya pwani haifai kabisa!

Jibu: Na kingo? Rangi hukimbia ncha kali. Zisage, pamoja na maungio ya weldi, uzipake kwanza kwa brashi.